Daktari Trowell na Ugonjwa wa Presha

Siku hizi hapa Kariandusi mzee akipooza upande mmoja, watu husema ni presha. Zamani haikuwa hivyo. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, na kwa miaka mingi karibu hakuona Mwafrika mwenye presha. Ungedhani ni damu yetu! Lakini Wamarekani weusi, ambao asili yao ni Afrika, walikuwa wakiugua presha na kiharusi kuliko Wazungu wa kwao. Mwaka 1935 Trowell alihamia Uganda. Huko, polepole, wagonjwa Waafrika wa presha wakaanza kuja, wakaongezeka. Rangi ilikuwa ile ile. Maisha ndiyo yaliyobadilika. Yeye aliishuku chumvi (ile tunayoimwaga kwenye chipsi, jamani!). Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa hayo yasiyoambukiza. Huko Uingereza akawa pia kasisi, na alifariki mwaka 1989.