Habari za Emil von Behring na Dawa ya Dondakoo

Zamani mtoto akipatwa na dondakoo, wazazi walianza kumlilia angali hai. Koo lilivimba, utando wa kijivu ukatanda ndani yake, pumzi ikazibwa. Waganga walitoboa koo ili hewa ipite, na hata hivyo wengi walikufa.

Emil Behring alizaliwa tarehe 15 Machi 1854 katika kijiji cha Hansdorf, Prussia ya Magharibi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mwenye watoto 13, wala hakuweza kulipa ada ya chuo kikuu. Basi mwaka 1874 Emil aliingia chuo cha waganga wa jeshi huko Berlin, akasomeshwa kwa sharti la kulitumikia jeshi miaka kadhaa.

Mwaka 1889 akawa msaidizi wa Robert Koch, bingwa wa elimu ya vijidudu. Huko alimkuta Mjapani, Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa amefaulu kuotesha vijidudu vya pepopunda peke yao, kazi iliyowashinda wengi. Ilikwisha julikana ya kuwa vijidudu vya dondakoo hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo iuayo. Wawili hao wakawazoeza wanyama sumu kidogo kidogo. Kisha wakatoa damu yao, wakaiacha igande, wakayachukua maji yake yaliyobaki na kumdunga mnyama mwingine. Naye alipotiwa sumu hakufa. Waliitangaza habari hiyo Desemba 1890.

Lakini maji ya damu hayakuwa na nguvu sawa siku zote. Paul Ehrlich ndiye aliyepata njia ya kuyapima, hata mwaka 1894 dawa ikaanza kuuzwa. Mwaka huo huo Émile Roux wa Paris, akitumia damu ya farasi, alionyesha ya kuwa katika hospitali ya watoto vifo vya dondakoo vilipungua kutoka nusu hivi hata kufikia robo. Ila dawa ilitaka haraka, kwa maana sumu iliyokwisha ingia ndani ya chembe za mwili haizuiliki tena. Na kinga hiyo ni ya kuazima, haidumu ila majuma machache.

Mwaka 1901 Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga, iliyo ya kwanza kabisa, naye akapewa peke yake. Kwa maoni yangu Kitasato alidhulumiwa. Wala Behring hakuwa mtu mwepesi: aligombana na Ehrlich aliyemfaa sana. Dawa ya kifua kikuu aliitafuta miaka mingi asiipate. Lakini mwaka 1913 alichanganya sumu na maji ya damu, ili mwili wa mtoto ujifanyie kinga yake wenyewe.

Alifariki Marburg tarehe 31 Machi 1917, wakati wa vita, ambapo dawa ya pepopunda ilikuwa imewaokoa majeruhi wengi.

Mwaka 2012 Marekani iliruhusu dawa ya kimeta iliyotengenezwa kwa njia hiyo ya kuishika sumu, pasipo mnyama wa kutolewa damu. Kwa dondakoo, waganga hata leo hutumia damu ya farasi.