Taha Hussein: Kipofu aliyekataa kazi aliyopangiwa na jamii

KATIKA vijiji vya Misri mwishoni mwa karne ya 19, maisha ya mtoto aliyepoteza macho yalijulikana mapema. Alipelekwa chuoni kuhifadhi Kurani, na alipokua alijipatia riziki kwa kuisoma matangani, makaburini na katika nyumba za watu.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake, na ilimwokoa kipofu asiketi kando ya njia akiombaomba. Hata hivyo, haikumpa nafasi ya kuchagua nyingine.

Taha Hussein, aliyekuja kuwa gwiji wa fasihi ya Kiarabu na Waziri wa Elimu nchini Misri, alianzishwa katika njia hiyo hiyo. Maisha yake yanaonyesha jinsi upofu wa mtu mmoja unavyoweza kubadilika maana kila anapobadilisha mahali na watu wanaomzunguka.

Alizaliwa Novemba 1889 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Maghagha, mkoani Minya, kusini mwa Cairo. Alikuwa wa saba miongoni mwa watoto 13 wa baba yake, ambaye alikuwa mfanyakazi wa ngazi ya chini katika kampuni ya sukari.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, aliugua macho. Maradhi ya macho yalikuwa mengi mno nchini Misri wakati huo, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Alikaa siku kadhaa bila kutibiwa, kisha akaitwa kinyozi wa kijiji, ambaye ndiye aliyekuwa pia tabibu. Dawa ya kinyozi huyo ndiyo iliyomwondolea nuru ya macho.

Miaka michache baadaye, dadake mdogo alishikwa na homa. Vivyo hivyo, hakuna daktari aliyeitwa, na mtoto huyo akafariki siku ya kuamkia Idi. Taha Hussein hakuwahi kusahau kwamba macho yake na uhai wa dadake vilipotea kwa sababu moja: umaskini ulioambatana na ujinga.

Chuoni, kijana huyo alihifadhi Kurani yote kabla ya kutimiza miaka tisa. Wazazi wake wakaanza kumwita sheikh, naye akatarajia kuvishwa joho na kilemba. Lakini cheo hicho kilikuwa cha maneno tu. Aliendelea kuvaa nguo chakavu, na familia ilimchukua kama mtoto wa kuhurumiwa.

Jioni moja, akila pamoja na jamaa zake, alitaka kujua ingekuwaje akilichukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja. Ndugu zake waliangua kicheko na mama yake akatokwa na machozi. Baba yake naye alimweleza kwa sauti ya upole na huzuni kwamba watu hawali hivyo.

Tangu usiku huo alijinyima mchuzi, wali na vyakula vyote vinavyoliwa kwa kijiko, akapendelea kula peke yake. Giza alikuwa amekwisha kulizoea. Jambo lililomwia zito ni kujua kwamba anatazamwa.

Alipokuwa mtu mzima, alikiona kisa hicho katika maisha ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi wa Syria aliyezaliwa mwaka 973 na ambaye alipofushwa na ndui utotoni. Inasimuliwa kwamba mshairi huyo alidondokewa na shira kifuani alipokuwa akila. Mwanafunzi wake mmoja alipomtajia, aliapa kutokula shira tena. Al-Maarri aliuona upofu kuwa aibu inayopaswa kusitiriwa, na alikula faraghani hadi kufa kwake.

Mwaka 1902, Taha Hussein alipelekwa Cairo pamoja na kakake kusoma katika chuo kikuu cha Al-Azhar. Siku ya mtihani wa kuingia, mtahini alimwita mbele kwa kumtaja kuwa kipofu. Nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba haoni, lakini watu wake walijizuia kulitamka jambo hilo mbele yake. Neno la mtahini lilimchoma, ijapokuwa alifaulu mtihani.

Pamoja na hayo, mtindo wa elimu ya Al-Azhar haukumfungia mlango. Sheikh aliketi kwenye nguzo ya msikiti, akasoma na kufafanua kitabu, na wanafunzi waliomzunguka wakasikiliza na kuhifadhi. Elimu ya namna hiyo ilipitia masikioni, na asiyeona aliweza kuipata sawa na mwenzake.

Isitoshe, Waislamu walimkumbuka Ibn Umm Maktum, sahaba kipofu aliyekuwa akiadhini Madina enzi za Mtume Muhammad. Chuoni Al-Azhar palikuwa na sehemu maalumu iliyotengewa wanafunzi vipofu tangu karne ya 18.

Kizingiti chake katika chuo hicho kikawa cha aina nyingine. Alichoshwa na masomo ya kukariri maelezo juu ya maelezo, na ukosoaji wake ukawaudhi baadhi ya masheikh. Aliondoka bila shahada ya Al-Azhar.

Kwa bahati nzuri, chuo kikuu kipya kilikuwa kimefunguliwa mjini Cairo mwaka 1908, kikifundisha historia, falsafa na fasihi kwa mbinu za kisasa. Taha Hussein alijiunga nacho, na mwaka 1914 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamifu na chuo hicho. Utafiti wake ulimhusu al-Maarri, yule mshairi kipofu.

Hapa ndipo upofu wake ulipopata maana nyingine. Elimu ya kisasa ilikuwa ya karatasi: vyeti, maktaba na mitihani ya kuandika. Alipoomba kupelekwa Ufaransa kwa masomo zaidi, ombi lake la kwanza lilikataliwa, na ilimbidi aombe tena. Mfumo uliojivunia usasa ulimwekea vikwazo ambavyo nguzo za msikiti hazikuwa nazo.

Hatimaye alisafiri mwaka 1914 hadi Montpellier. Alivua joho na kilemba, akavaa suti. Huko alifunzwa kusoma kwa vidole maandishi ya nukta aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille, lakini akayaona ya polepole mno kwa mtu aliyezoea kupokea elimu kwa masikio. Alihitaji sauti ya mtu wa kumsomea.

Sauti hiyo aliipata mwaka 1915 kwa msichana Mfaransa, Suzanne Bresseau. Msichana huyo alimsomea vitabu na kumweleza mambo yaliyomzunguka, kuanzia sura za watu hadi miti ya barabarani.

Walipotaka kuoana, familia ya Suzanne ilishangaa. Mchumba alikuwa mgeni, Mwislamu na, juu ya hayo, kipofu. Jamaa ya msichana aliyekuwa kasisi alitembea na kuzungumza na kijana huyo kwa muda mrefu, kisha akawashauri wakubali. Walifunga ndoa Agosti 9, 1917 na wakaishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha.

Katika Chuo Kikuu cha Sorbonne mjini Paris, Taha Hussein alipata shahada nyingine ya uzamifu kwa utafiti kuhusu Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyechunguza jinsi jamii zinavyoinuka na kuanguka. Alirejea Misri mwaka 1919 na kuwa mhadhiri wa historia ya kale, kisha profesa wa fasihi ya Kiarabu.

Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuhusu mashairi ya Waarabu kabla ya Uislamu, akidai kwamba mengi yake yalitungwa baadaye. Kitabu kilizua ghadhabu kuu na kuondolewa madukani. Yeye mwenyewe alihojiwa na kiongozi wa mashtaka, ingawa kesi ilitupiliwa mbali mwaka uliofuata.

Ni katika kipindi hicho kigumu alipoanza kusimulia utoto wake katika kitabu Al-Ayyam, yaani Siku. Mambo aliyokuwa akiyasitiri, pamoja na kisa cha tonge, sasa aliyaweka wazi kwa wasomaji wote. Alitenda kinyume cha al-Maarri.

Humo anaeleza jinsi alivyomsimulia binti yake hadithi ya Wagiriki wa kale kuhusu mfalme Oedipus aliyejitoboa macho na kuongozwa njia na binti yake, Antigone. Mtoto alianza kusikiliza kwa furaha, kisha akaangua kilio na kumkumbatia baba yake. Alikuwa ameona katika mfalme yule sura ya mzazi wake mwenyewe.

Mwaka 1932 serikali ilimwondoa katika wadhifa wa mkuu wa kitivo cha fasihi baada ya kukataa amri za wanasiasa. Alirejeshwa chuoni miaka miwili baadaye, na mwaka 1942 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Alexandria.

Januari 1950 aliteuliwa Waziri wa Elimu katika serikali ya chama cha Wafd. Aliondoa karo katika shule za sekondari, akishikilia kwamba elimu ni haki ya kila mtu kama yalivyo maji na hewa. Waliompinga walihofia kwamba shule zingefurika na viwango vya masomo vingeshuka. Yeye alikijua kijiji ambamo kinyozi hutibu macho. Serikali hiyo ilifutwa na mfalme Januari 1952, lakini elimu ya sekondari haikurejeshewa karo.

Vitabu vyake, ambavyo ni makumi kwa makumi, alivitunga kwa imla, akitamka huku makarani wakiandika. Jina lake lilipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ijapokuwa hakuipata.

Taha Hussein alifariki Oktoba 28, 1973 mjini Cairo akiwa na umri wa miaka 83. Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo ya haki za binadamu mwaka huo huo.

Mnamo Desemba 2006, umoja huo uliidhinisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Mkataba huo unautambua ulemavu kuwa ni zao la kasoro ya mwili inapokutana na vizuizi vya jamii na mitazamo ya watu. Mtoto wa Maghagha alikuwa ameligundua hilo zaidi ya miaka 100 mapema, usiku ule alipolishika tonge kwa mikono miwili.