Mzee Jomo Kenyatta na Maradhi Yaliyofichwa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akishaiacha Voi na kuipita Mtito Andei, huwa ameingia nchi ya Wakamba. Leo sehemu ile ni kaunti ya Makueni, na upande wake wa mashariki ni Kitui. Wengi wetu watu wa pwani huipita usiku tumesinzia, wala hatujui kwamba nchi ile ina alama zetu. Mji wa Sultan Hamud umepewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi 1902. Na Kibwezi, penye chemchemi na miti mikubwa, ndipo palipoanzia kazi ambayo baadaye ilimfundisha kusoma kijana mmoja wa Kikuyu aliyeitwa Kamau wa Ngengi.

Ilikuwa mwaka 1891. Wamisheni wa Kiskoti walipiga kambi Kibwezi, katika njia ya misafara, wakajenga nyumba na kufungua shule. Homa ya malaria iliwasumbua sana. Mwaka 1898 waliihamisha misheni yao hadi Ukikuyu, mahali paitwapo Thogoto, na huko ndiko alikoingia Kamau mwaka 1909. Lau si mbu wa Kibwezi, huenda misheni ile ingebaki Ukambani, na kijana yule angetafuta mwalimu mwingine.

Mwaka 1914 alibatizwa, akaitwa Johnstone Kamau. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikaa Narok miongoni mwa Wamaasai, na baadaye akaajiriwa Nairobi kusoma mita za maji. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda London kudai ardhi ya watu wake. Alirejea, akaenda tena mwaka 1931, na mara hii akakaa Ulaya miaka 15. Alifika Moscow, alisoma elimu ya mila za watu chini ya Profesa Malinowski, akachapisha kitabu chake mwaka 1938. Vita vya pili vilipoanza alifanya kazi ya shamba huko Sussex. Oktoba 1945 alihudhuria mkutano wa Waafrika uliofanyika Manchester, na Septemba 1946 akateremka katika bandari ya Mombasa, mtu mzima mwenye ndevu, akijulikana kwa jina la Jomo Kenyatta.

Habari za kukamatwa kwake tarehe 20 Oktoba 1952 na kesi ya Kapenguria zinajulikana, wala sina haja ya kuzirefusha. Miongoni mwa watu sita waliohukumiwa alikuwamo Paul Ngei, Mkamba wa Machakos. Kule Lokitaung, katika jangwa la Turkana, wenziwe walipasua mawe. Yeye kwa ajili ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia. Aliachiliwa Agosti 1961. Tarehe 1 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu, na Oktoba mwaka huo akafikiana na Serikali ya Unguja juu ya Mwambao, ambapo Waislamu waliahidiwa kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Hapa pwani yapo mengi yaliyosemwa juu ya makubaliano yale na juu ya ardhi, na yataendelea kusemwa. Leo nataka kueleza jambo jingine, nalo ni mwili wake.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa jongo. Asiyeujua aulize aliyeupata. Mtu hulala mzima, akaamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka kama kaa la moto, hata shuka ikigusa ni adhabu. Sababu yake ni tindikali ya yuriki inapozidi katika damu, ikaganda katika viungo mfano wa chembe za chumvi zenye ncha kali. Pamoja na jongo, Mzee alikuwa na maradhi ya moyo. Mwaka 1966 alipatwa na kiharusi kidogo, na mwaka 1968 kikamrudia. Yote hayo yalifichwa. Watu waliiona bakora na usinga; jongo hawakuliona.

Wenye kushika madaraka walijua. Mwaka ule ule wa 1968 Katiba ilibadilishwa, ikaandikwa kwamba Rais akifariki, Makamu wake atashika kazi kwa siku 90 mpaka uchaguzi ufanywe. Mwaka 1976 wanasiasa kadhaa walizunguka nchi wakitaka kifungu hicho kiondolewe. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kuwaza au kunena juu ya kifo cha Rais ni kosa linaloweza kumpeleka mtu kitanzini. Basi nchi nzima ikanyamaza juu ya moyo wa mtu mmoja, ambao kila waziri alijua kuwa ni dhaifu. Miongoni mwa mawaziri wa Mzee alipata kuwamo Ngala Mwendwa wa Kitui, na nduguye Kitili alikuwa Jaji Mkuu tangu 1968 hadi 1971.

Je, jongo na moyo vina uhusiano gani? Zamani waganga wengi wa hospitali waliyatenga: kiungo ni kiungo, na moyo ni moyo. Siku hizi wanajua zaidi. Kiungo kinachovimba mara kwa mara hakiwaki peke yake. Moto ule huingia katika damu, ukazikwaruza kuta za mishipa kwa ndani, na mafuta yakapata mahali pa kushika. Jongo nalo aghalabu hufuatana na presha na udhaifu wa figo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika wiki zinazofuata shambulio la jongo, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi huongezeka. Siwezi kusema kwamba jongo ndilo lililomuua Mzee. Alikuwa mzee sana, na daktari mwaminifu hawezi kukata shauri hilo kwa mgonjwa mmoja. Lakini maradhi yale mawili yalikaa katika nyumba moja, na inafaa tujue kwamba ni majirani.

Ipo na baridi yabisi, ambayo si jongo. Hii ni pale askari wa mwili wanapomgeukia mwenye mwili, wakaishambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo vyake. Huanzia katika vidole vya mikono yote miwili, navyo huamka asubuhi vimekakamaa, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Madaktari hukadiria kwamba mwenye baridi yabisi ana hatari ya maradhi ya moyo kiasi cha mara moja na nusu kuliko mwenzake asiyekuwa nayo, hata kama havuti sigara. Sasa wafikirie akina mama wa Kitui na Makueni wanaosuka vyondo. Mali yao ni vidole. Mama wa namna hiyo vidole vikimvimba hulilia kazi yake, hununua vidonge vya maumivu dukani, akavimeza mwezi hata mwezi. Hakuna anayempima presha, kwa kuwa alilalamikia mkono, hakulalamikia kifua. Na vingi katika vidonge hivyo, kama daiklofenaki, vikitumiwa kwa muda mrefu huipandisha presha na kuuongezea moyo mzigo. Mwaka 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango ambao jamaa ya nyumba moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali zake. Ulikuwa mpango mzuri, ila mgonjwa anapaswa kwanza kuambiwa kwamba maumivu ya kidole yanaweza kuwa habari ya moyo.

Hapo nimkumbuke Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037. Katika kitabu chake cha Kanuni alieleza juu ya mmea uitwao suranjan, dawa ya maumivu ya viungo, na aliandika kitabu kingine mbali juu ya dawa za moyo. Kutokana na mimea ya jamii ya suranjan hutolewa kolchisini, ambayo mpaka leo hutibu jongo, na ambayo ikizidishwa ni sumu. Mwaka 2023 Marekani iliiruhusu dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, itumiwe kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo. Hivyo dawa ya kiungo imekuwa dawa ya moyo, na njia yake imepita katika mikono ya Waislamu.

Kenyatta aliipenda pwani, na mara nyingi alikuja kupumzika Mombasa na Bamburi. Agosti 1978 alikuwa huku huku. Siku zake za mwisho hakupumzika: alipokea wageni, alizungukwa na jamaa zake, na alikwenda hadi Msambweni. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani, mwaka 1398 wa Hijra. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 22, yapata saa 9:30, saa ambayo katika Mji wa Kale watu huamshana kwa daku, moyo wake ulisimama katika Ikulu ya Mombasa. Waliokuwa macho kwa ajili ya kula na kusali hawakuwa na habari kwamba katika mji wao ule ule enzi imekwisha. Siri ilitunzwa hata katika saa ile, na mauti yalitangazwa baadaye mchana.

Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Eliud Mahihu, alimpigia simu Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, aliyekuwa nyumbani kwake upande wa Nakuru, naye akaondoka mara moja kwenda Nairobi. Maiti ilipelekwa bara kwa ndege, juu ya nchi ile ile ya Ukambani ambako misheni ya Thogoto ilikuwa imeanzia. Kifungu cha mwaka 1968 kikafanya kazi kama kilivyoandikwa. Moi aliapishwa siku ile ile kushika kazi kwa siku 90, na hazikwisha kabla hajawa Rais kamili mwezi wa Oktoba. Mzee alizikwa tarehe 31 Agosti katika uwanja wa Bunge, na huku Mombasa jioni yake watu walikuwa wakijiandaa kwa usiku wa mwezi 27.