Virginia Apgar: Daktari aliyeipa thamani dakika ya kwanza ya uhai

Katika hospitali nyingi duniani, zikiwamo za Afrika Mashariki, mtoto anapozaliwa mkunga hutazama saa. Dakika moja inapotimia, na tena zikitimia tano, humpa mtoto huyo alama kati ya 0 na 10. Alama hizo hubeba jina la daktari Mmarekani, Virginia Apgar.

Apgar alizaliwa Juni 7, 1909, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey. Maradhi hayakuwa mageni nyumbani kwao, kwani kaka yake mmoja alifariki dunia angali mdogo kwa kifua kikuu. Mwaka 1933 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akinuia kuwa mpasuaji. Mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri aachane na azma hiyo, kwa kuwa wanawake aliowafundisha awali walishindwa kujijenga katika kazi hiyo. Akageukia dawa za usingizi, fani ambayo wakati huo madaktari wachache waliijali.

Fani hiyo ndiyo iliyomfikisha katika chumba cha kujifungulia. Huko aligundua kuwa macho yote yalielekezwa kwa mama. Mtoto aliyetoka akiwa dhaifu, wa rangi ya bluu na asiyepumua vizuri, mara nyingi aliwekwa kando kana kwamba amezaliwa mfu. Hapakuwa na kipimo kimoja cha kuamua nani asaidiwe na kwa haraka gani.

Mwaka 1952 Apgar alitangaza kipimo chake, na mwaka uliofuata kikachapishwa. Kilikuwa na mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu za misuli, mwitikio wa mtoto anaposhtuliwa na rangi ya mwili. Kila jambo lilipewa 0, 1 au 2. Hakikuhitaji mashine wala fedha.

Kisha, akishirikiana na Duncan Holaday na Stanley James, alipima damu ya watoto hao. Walibaini kuwa wenye alama ndogo walipungukiwa oksijeni na damu yao ilikuwa na asidi nyingi. Walibaini pia kuwa siklopropani, dawa ya usingizi waliyopewa akina mama, iliwadhoofisha watoto. Apgar, ambaye riziki yake ilitokana na dawa hizo, aliacha kuitumia kwa wazazi.

Mwaka 1959 alipata shahada ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akajiunga na taasisi ya March of Dimes kupambana na kasoro za kuzaliwa. Alifariki dunia Agosti 7, 1974, akiwa na umri wa miaka 65.

Leo wauguzi hufundishwa kutosubiri alama: mtoto asiyepumua huanza kusaidiwa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hata hivyo, desturi ya kumtazama mtoto huyo, badala ya kumweka kando, ndiyo urithi wa Apgar.