Rudolf Diesel: Mtoto mkimbizi aliyegeuza wazo kuwa injini

MWAKA 2004, wakati wa mgao mkali wa umeme hapa Kigali, nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia. Maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo yalikuwa yamepungua, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikakosa nguvu, na serikali ikalazimika kukodi jenereta kubwa za dizeli. Mjini, karibu kila duka lilikuwa na jenereta yake ndogo ikinguruma mlangoni. Siku moja niliwauliza wanafunzi neno dizeli limetoka wapi. Walijibu kuwa ni jina la mafuta. Hakuna aliyejua kuwa ni jina la mtu.

Nimemkumbuka mtu huyo mwezi uliopita, nilipotembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mhandisi. Alikuja na mchoro wa mashine ya kukaushia mahindi, ili wakulima wa Mkoa wa Mashariki wasipoteze mavuno kwa ukungu na sumukuvu. Mashine yake ya kwanza iliunguza mahindi. Benki ilimnyima mkopo. Aliniuliza kama aache kazi ya mshahara aendelee nayo, au aufungie mchoro ule kabatini. Sikuwa na jibu, nikamsimulia maisha ya Rudolf Diesel.

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, familia hiyo ilifukuzwa, ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu, na kijana huyo wa miaka 12 alipelekwa peke yake Augsburg, Ujerumani, kwa ndugu wa familia aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Hapo ndipo ninapomwelewa. Mimi nilisoma ukimbizini, Karagwe nchini Tanzania, nikaingia Rwanda mwaka 1995 nikiwa na miaka 16. Nilikuta darasa linafundishwa kwa Kifaransa, nami nilikuwa na Kiswahili na Kiingereza cha kubabaisha. Hesabu ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu namba hazibadiliki mtu akivuka mpaka. Nadhani hata kwa Diesel ilikuwa hivyo.

Kijana huyo alipata ufadhili wa kusoma uhandisi Munich, akamaliza mwaka 1880 kwa alama za juu kabisa. Mwalimu wake, Carl von Linde, aliwafundisha kuwa injini ya mvuke inapoteza karibu joto lote la makaa ya mawe, na sehemu ndogo tu ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Aliajiriwa na Linde katika shughuli za mitambo ya barafu, lakini muda wake wa ziada aliutumia kutafuta injini bora. Kwanza alihangaika miaka kadhaa na injini ya mvuke wa amonia, ikashindikana.

Ndipo lilipokuja wazo lililomfanya ajulikane. Hewa ikigandamizwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda, hupata joto kali kiasi kwamba mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Mwaka 1893 alipewa hataza ya uvumbuzi huo na kuchapisha kitabu cha kuueleza. Hata hivyo, karatasi haiendeshi mashine. Aliandikia viwanda na kuwabembeleza wakurugenzi, hadi kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vikakubali kugharimia majaribio.

Agosti 1893 jaribio la injini ya kwanza lilimalizika kwa mlipuko. Februari 1894 nyingine ilizunguka yenyewe kwa muda wa kama dakika moja tu. Aligundua pia kuwa sehemu ya nadharia yake haikufaa, kwani mgandamizo alioupanga mwanzoni ulikuwa mkubwa mno kwa vyuma vya wakati ule. Aliupunguza, akabadili namna mafuta yanavyoungua, akaendelea. Februari 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima injini hiyo mbele ya wataalamu. Iligeuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za siku hizo hazikukikaribia.

Diesel akawa tajiri kwa kuuza haki za kutengeneza injini yake katika nchi nyingi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mwaka 1912 meli kubwa ya Selandia ilianza kuvuka bahari kwa injini za dizeli.

Nilipofika hapo nilisita, kwani mwisho wake si mzuri. Kesi za hataza na kazi nyingi zilimvunja afya. Fedha alizopata aliziingiza katika ununuzi wa ardhi na biashara nyingine asizozijua, zikapotea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 55, na aliiacha familia yake katika madeni.

Nilimweleza yote hayo kijana wangu, kwa sababu mwalimu anayesimulia ushindi peke yake humdanganya mwanafunzi. Diesel hakushindwa na injini. Alirudia kosa baada ya kosa kwa miaka minne, kwa fedha za viwanda vilivyomwamini na karakana iliyokuwa tayari. Alishindwa na fedha, kwa sababu alidhani anayejua mashine anajua na biashara.

Kijana alikaa kimya kwa muda. Hakusema ataacha kazi, wala hakusema hataacha. Aliniomba nimtafutie chama cha ushirika cha wakulima kitakachokubali mashine ya pili ijaribiwe kwa magunia machache, na mtu mwaminifu anayejua kuandika vitabu vya hesabu. La ushirika nimeshaulizia. Huyo wa pili bado namtafuta.