William Booth na Watu wa Darajani

Mwaka 1829 alizaliwa mtoto katika mji wa Nottingham, Uingereza, akaitwa William Booth. Baba yake alifilisika, na mtoto alipotimia miaka 13 akatolewa shuleni, akatiwa katika duka la mtu akopeshaye fedha kwa rehani. Humo aliwaona maskini wakiweka rehani vitu vyao vya mwisho wapate mkate. Hakuyasahau hayo.

Alipokuwa mtu mzima akawa mhubiri, na mwaka 1865 akaanza kazi kati ya maskini wa mashariki ya London. Kazi hiyo ndiyo iliyopewa jina la Jeshi la Wokovu mwaka 1878, naye akaitwa Jenerali.

Usiku mmoja, mwishoni mwa mwaka 1887, alikuwa akirudi London kutoka safari, akavuka daraja la mto Thames. Akaona watu wazima wamelala juu ya mawe, hawana paa wala blanketi. Nanyi wasomaji mfahamu ya kuwa baridi ya Ulaya wakati huo si kama baridi yetu ya asubuhi. Mtu aweza kufa nayo. Kulipokucha akamwuliza Bramwell, mwanawe mkubwa na msaidizi wake, kama alijua habari ile. Kijana akajibu kwamba alijua, lakini Jeshi halikuweza kubeba taabu zote za mji. Baba hakukubali udhuru huo. Akamwagiza atafute ghala, alitie moto, atafute na vitu vya kujifunikia.

Mwaka 1888 nyumba ya kwanza ikafunguliwa Limehouse, karibu na gati za meli, kisha zikafuata nyingine. Kwa peni 4 mtu alipata chakula cha jioni, mahali pa kulala, na chakula cha asubuhi. Vitanda vilikuwa kama masanduku marefu yaliyopangwa sakafuni, hata wenye mzaha wakaviita majeneza. Asiye na peni alipewa kazi, kama kupasua kuni, akalipa kwa jasho lake. Booth hakupenda kugawa bure, kwa hofu ya kumvunjia mtu heshima yake. Pengine alikuwa mkali mno, maana mgonjwa hawezi kushika shoka.

Mwaka 1890 akatoa kitabu juu ya maskini wa Uingereza. Alieleza kwamba farasi wa gari akianguka njiani huinuliwa kwanza, wala haulizwi kosa lake. Tena ana zizi, chakula na kazi. Akataka binadamu apate kama hayo. Alikiandika huku mkewe Catherine anaugua saratani, naye akafa siku chache kabla ya kitabu kutoka.

Booth aliomba pauni 100,000, akazipata. Wengine, hata mtaalamu Huxley, wakampinga vikali magazetini. Wakachaguliwa watu kukagua hesabu, na mwaka 1892 wakatoa habari ya kuwa fedha zilitumika kama ilivyoahidiwa.

Alikufa tarehe 20 Agosti 1912, akiwa amepofuka. Miaka 9 baadaye Jeshi lake likafika Kenya.