Lois Weber, mama wa sinema aliyewashika mkono wanawake wengine

Watu wanaopenda sinema za zamani hutaja haraka Charlie Chaplin, D. W. Griffith na Cecil B. DeMille. Jina la Lois Weber halitajwi mara nyingi. Hata hivyo, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamke huyu wa Marekani alikuwa mmoja wa waongozaji wa filme waliolipwa feza nyingi sana Hollywood. Aliandika hadithi zake mwenyewe, akaigiza ndani yake, akaongoza, na mwishowe akafungua studio yake. Tena kuna wanawake walioingia katika kazi hiyo kwa kupitia mlango wake, na mmoja wao alifika mbali kuliko yeye.

Florence Lois Weber alizaliwa tarehe 13 Juni 1879 huko Allegheny, jimbo la Pennsylvania, mji ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh. Baba yake alikuwa fundi wa kupamba nyumba na kufunika viti kwa vitambaa. Familia yao ilikuwa ya Wakristo wenye kushika dini sana. Alijifunza piano tangu utoto na akiwa bado kijana alianza kuzunguka miji akipiga mbele ya watu. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba kazi hiyo iliisha siku moja jukwaani, pale kipande cha piano kilipokatika na kubaki mkononi mwake. Alishindwa kuendelea, na moyo wa kupiga piano hadharani ukamtoka.

Katika ujana wake alijiunga pia na kundi la kanisa lililokuwa likihubiri barabarani. Aliimba na kupiga kinanda katika mitaa ya maskini ya Pittsburgh, kati ya wafanyakazi wa viwanda, walevi na wasichana waliouza miili yao. Mtu anayetaka kuelewa filme zake aanzie hapo. Weber hakuacha kuhubiri, alibadilisha tu mimbara.

Kutoka kanisani alihamia kwenye michezo ya jukwaani, jambo ambalo watu wa dini wa wakati ule hawakulipenda. Huko alikutana na mwigizaji Phillips Smalley, wakafunga ndoa Chicago mwaka 1904. Karibu mwaka 1908 alipata kazi katika tawi la kampuni ya Kifaransa Gaumont, huko New York. Tawi hilo lilikuwa likitengeneza filme fupi zilizoonyeshwa pamoja na sauti ya sahani ya gramafoni. Mkubwa wake alikuwa Herbert Blaché, bwana wa Alice Guy, yule Mfaransa aliyeanza kuongoza filme mwaka 1896 na ambaye wengi wanamhesabu kuwa mwanamke wa kwanza duniani kufanya kazi hiyo. Alice Guy alieleza miaka mingi baadaye kwamba Weber alikuwa akimtazama akiongoza. Hapakuwa na shule ya sinema wala cheti. Kijana alisimama pembeni ya kamera, akaangalia mkubwa anafanya nini, kisha akajaribu.

Mwaka 1912 kampuni ya Universal iliundwa, na Weber pamoja na bwana yake wakapewa kuongoza sehemu yake iliyoitwa Rex. Kampuni hii ilikuwa na jambo la pekee ambalo hata leo linashangaza. Kati ya mwaka 1912 na 1919, wanawake 11 waliongoza filme pale, na kazi zao zinafikia 170 au zaidi. Kati yao kulikuwa Cleo Madison, Ida May Park, Ruth Ann Baldwin, Grace Cunard na Elsie Jane Wilson. Wengi walianza kama waigizaji au waandishi. Walikuwa wakionana kila siku, na kila mmoja aliweza kuona kwa macho yake kwamba mwanamke anaamuru kundi la wanaume, mafundi wa taa na wa kamera, na kazi inaenda. Ni vigumu kupima faida ya kuona hivyo, lakini ilikuwepo. Mwaka 1913 watu wa Universal City, mahali kampuni ilipofanyia kazi California, walimchagua Weber kuwa meya wao. Cheo kilikuwa cha heshima zaidi kuliko cha utawala, ila kinaonyesha jina lake lilikuwa na uzito gani.

Mwaka huohuo alitoa filme fupi iitwayo Suspense: mama mmoja yuko nyumbani peke yake na mtoto mchanga, mwizi anaingia, bwana yake yuko mbali. Weber aliigawa picha vipande vitatu ili watazamaji wamwone mama, mwizi na mume kwa wakati mmoja. Mwaka 1914 alitoa The Merchant of Venice, kutokana na mchezo wa Shakespeare. Inatajwa kuwa filme ndefu ya kwanza ya Marekani kuongozwa na mwanamke, ingawa alishirikiana na bwana yake. Kuhusu ushirikiano huo, wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba majina yaliandikwa mawili lakini hadithi na maamuzi makubwa yalitoka kwa bibi.

Ni mwaka huo wa 1914 Weber alipofanya jambo ambalo lingeonekana dogo. Alikuwa amehamia kampuni ya Bosworth. Kijana mmoja wa San Francisco, mchoraji aliyewahi kuandika katika gazeti na kuchora matangazo ya jumba la michezo, alikuja kutafuta kazi. Aliitwa Marion Benson Owens. Hakutaka kuigiza, alitaka kazi ya nyuma ya kamera, lakini hakujua hasa ipi. Weber alimchukua kama msaidizi wake wa kila kitu. Aliigiza pale mtu alipokosekana, akashughulika na nguo za waigizaji, akasaidia kuchora, akasaidia kupanga vipande vya filme, na akaanza kuandika. Husimuliwa kwamba moja ya kazi zake za kwanza za uandishi ilikuwa kutunga maneno ya waigizaji wadogo waliosimama nyuma. Sinema ilikuwa bubu, lakini viziwi walijua kusoma midomo, na walikuwa wakilalamika kwamba waigizaji wanasema mambo yasiyofaa.

Kijana huyo alijulikana baadaye kwa jina la Frances Marion. Weber alipoondoka Bosworth kurudi Universal, alitaka waende wote. Marion alikataa na kufuata njia yake. Punde akawa mwandishi wa mwigizaji Mary Pickford, kisha mmoja wa waandishi wa filme waliolipwa vizuri zaidi Hollywood. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo la Oscar la uandishi, kwa filme The Big House ya mwaka 1930. La pili alilipata kwa The Champ. Mwaka 1921 aliongoza pia filme mbili.

Inafaa kuangalia namna Weber alivyomfundisha. Hakumweka darasani. Alimpitisha katika kila kona ya kazi ili ajue filme inapikwaje toka mwanzo hadi mwisho, na alimlipa. Wanaosaidia vijana wa sinema leo, hata kwetu, mara nyingi hutoa siku tatu za mafunzo na karatasi ya kuthibitisha. Marion alipata miezi ya kazi yenyewe.

Katika miaka hiyo Weber alifika kilele. Mwaka 1915 filme yake Hypocrites ilizua kelele. Ndani yake Ukweli ulionyeshwa kama mwanamke asiye na nguo anayepita kama kivuli kati ya wachungaji, wanasiasa na matajiri, akiwaonyesha kioo. Jimbo la Ohio liliipiga marufuku. Mahali pengine watu walijaa kuitazama. Mwaka 1916 alipokelewa katika chama cha waongozaji wa filme, akiwa mwanamke pekee ndani yake, na Universal ilitangazwa kumlipa dola 5,000 kila juma, mshahara ambao waongozaji wanaume wachache tu waliufikia.

Filme zake mbili za mwaka huo zinastahili kukumbukwa. Shoes inahusu Eva, msichana anayeuza katika duka la vitu vya bei ndogo kwa dola tano kwa juma. Feza yote inalisha wadogo zake na baba asiyetafuta kazi, anayelala kitandani akisoma vitabu. Viatu vya Eva vimetoboka, kila jioni anakata karatasi ngumu kuziba soli, na mvua ikinyesha karatasi inaoza. Mwishowe anajitoa kwa mwanaume ili apate viatu vipya. Weber hamhukumu, anaionyesha miguu ile mpaka mtazamaji mwenyewe anasikia baridi. Where Are My Children? ilizungumzia uzazi wa mpango na utoaji mimba wakati ambapo sheria ya Marekani ilikataza hata kusambaza maelezo ya kuzuia mimba. Ilileta feza nyingi na kesi nyingi, na Pennsylvania, jimbo alikozaliwa, iliikataa. Filme hiyo ina kasoro pia. Inashikilia mawazo ya kuchagua nani azae na nani asizae, mawazo yaliyopendwa na wasomi wengi wa Marekani wa siku zile na ambayo leo yanachukiza.

Mwaka 1917 alifungua studio yake, Lois Weber Productions, katika jengo kubwa lenye bustani Los Angeles. Alipenda kupiga picha ndani ya nyumba za kweli, na kufuata mpangilio wa hadithi badala ya kurukaruka ili kubana gharama. Alitafuta wasichana wasiojulikana, akawafundisha kuigiza bila kutia chumvi. Mary MacLaren wa Shoes na Claire Windsor wa The Blot walipata majina kwake. Mwaka 1920 kampuni ya Famous Players-Lasky ilimpa mkataba wa dola 50,000 kwa kila filme na nusu ya faida.

Haukudumu. The Blot ya mwaka 1921, filme kuhusu familia ya mwalimu wa chuo anayelipwa kidogo mpaka bibi yake anajaribiwa kuiba kuku wa jirani, leo inahesabiwa kati ya kazi zake bora. Wakati ule watu walikuwa wametoka vitani, walitaka dansi na kicheko. Kampuni ilikataa kuendelea naye. Mwaka 1922 aliachana na Smalley.

Lakini kulaumu ladha ya watazamaji peke yake si haki. Biashara yenyewe ilikuwa imebadilika. Sinema ilianza kuleta mamilioni, mabenki ya New York yakaingia, kampuni chache zikanunua majumba ya kuonyeshea, na studio ndogo kama ya Weber zikakosa mahali pa kupeleka filme zao. Mabenki yaliamini wanaume. Wale wanawake wa Universal walirudishwa kwenye uandishi na uigizaji, au wakaondoka kabisa. Kufikia miaka ya 1930, Dorothy Arzner alikuwa karibu peke yake kama mwongozaji mwanamke katika studio kubwa. Hapo ndipo udhaifu wa msaada wa Weber unaonekana: ulisimama juu ya mtu mmoja. Hakukuwa na chama cha wanawake wala mfuko wa feza ambao ungeendelea baada yake. Studio ilipofungwa, na mlango ulifungwa.

Alirudi kazini katikati ya miaka ya 1920, akaongoza filme chache kama The Marriage Clause na Sensation Seekers. Mwisho wa miaka hiyo aliwashauri hadharani wasichana waliotaka kuongoza filme waiache ndoto hiyo, kwamba hawatafika. Ni maneno yanayouma yakitoka kwa mtu aliyefika. Hakuwa na wivu nao; alikuwa ameona mlango unavyofungwa. Filme yake ya mwisho, na ya pekee yenye sauti, White Heat, aliipiga Hawaii na ikatoka mwaka 1934. Ndoa yake ya pili, na Harry Gantz, ilivunjika pia. Kwa muda Universal ilimpa kazi ya kupima waigizaji wapya na kurekebisha hadithi za wengine.

Frances Marion, kwa upande wake, hakuwa amesahau alivyopokelewa. Nyumbani kwake wanawake wa sinema walikutana, wakaambiana kazi iko wapi na mkubwa gani ni wa kuogopwa. Mwigizaji Marie Dressler alipokosa kazi na kuhesabiwa mzee, Marion alimwandikia nafasi, na mwishowe Dressler akapata Oscar kwa Min and Bill, filme ambayo Marion alishiriki kuiandika. Njia ilikuwa ileile: kumpa mtu kazi, si pole.

Lois Weber alifariki Los Angeles tarehe 13 Novemba 1939, kwa vidonda vya tumbo vilivyotoka damu. Alikuwa na miaka 60 na karibu hakuwa na kitu. Dada yake alikuwa karibu na kitanda, na Frances Marion pia. Gharama za mazishi alilipa Marion. Magazeti ya sinema yaliandika mistari michache tu.

Alitengeneza filme zaidi ya 100, na sehemu kubwa zimepotea. Maktaba ya Bunge la Marekani imeingiza tatu katika orodha ya filme za kulindwa: Where Are My Children? mwaka 1993, Shoes mwaka 2014 na Suspense mwaka 2020. Shoes ilitengenezwa upya na jumba la filme la Eye, Amsterdam, na watu wanaweza tena kumwona Eva akikata karatasi yake. White Heat haijapatikana.